Mdomo wa bomba la shaba unapasuka kila ninapoupanua

Swali: Jambo mukubwa. Mimi ni fundi wa frigo na viyoyozi hapa Lubumbashi, upande wa Katuba. Bomba la shaba la inchi 3/8 linanisumbua sana. Nikipanua mdomo wake ili nifunge nati, unapasuka kwa urefu. Mingine haipasuki, lakini baada ya siku chache gesi inavuja. Nilinunua chombo kipya cha kupanulia, na hali haikubadilika. Bomba moja nililitoa kwenye kiyoyozi cha zamani, jingine nililinunua sokoni. Kosa liko wapi?

Jibu: Ndugu fundi, acha kwanza kununua vyombo. Shida yako iko kwenye shaba yenyewe, tena naona shida mbili zimechanganyika.

Tuanze na bomba la zamani, maana hapo ndipo wengi wetu tunaharibu kazi. Shaba huwa ngumu kadiri unavyoifanyia kazi ikiwa baridi. Kila ukiikunja, ukiinyoosha au ukiipanua, inapoteza ulaini wake. Bomba lililotolewa kwenye kiyoyozi limekunjwa, limenyooshwa, limetikiswa na kompresa miaka mingi, na mdomo wake ulishapanuliwa mara moja. Ukiusukumia koni ya chombo cha kupanulia tena, hauna pa kunyooka, kwa hiyo unachanika. Kata sehemu yote ya mdomo wa zamani pamoja na sentimita chache nyuma yake. Kipande kilichobaki kikiwa bado kigumu, kilainishe kwa moto: kipashe ncha yake kwa chalumo (chombo cha mwali wa gesi), ukiwa kivulini, mpaka uone wekundu hafifu, kisha uondoe moto mara moja. Ukizidisha, chembe za shaba zinakuwa kubwa na mdomo utakuja na ngozi yenye mikunjo, rahisi kupasuka. Ukiipoza kwa maji au ukiiacha ipoe yenyewe, ni sawa. Shaba haiwi ngumu kwa kupozwa haraka kama chuma cha patasi au kisu. Moto huacha magamba meusi ndani ya bomba. Yasafishe yote, la sivyo yatakwenda kuziba njia ya gesi. Na usipashe moto bomba ambalo bado lina gesi ndani: gesi hizi zikikutana na mwali zinatoa sumu.

Sasa lile la sokoni. Chukua kalipa upime kipenyo cha nje kabla ya jambo lolote. Bomba la 3/8 ni milimita 9.52. Masoko yetu yana pia bomba la milimita 10, na kwa jicho tu huwezi kuvitofautisha. Ukililazimisha la 10 kwenye tundu la 3/8 la kibanio cha chombo chako, kibanio kinaliminya, kinaacha alama, na mdomo unatoka upande mmoja mnene, upande mwingine mwembamba. Huo ndio mdomo unaokaa siku chache bila shida kisha unavuja. Vivyo hivyo 1/4 ni milimita 6.35, wakati bomba la milimita 6 linateleza ndani ya tundu hilo. Inauma kuona kwamba shaba yetu ya Katanga inaondoka kama kathodi (mabamba ya shaba iliyosafishwa) na bomba tunalinunua kutoka nje, lakini ndivyo tulivyo, na kila roli ya bomba inabidi ipimwe.

Shaba ikiwa nzuri, kazi ya mkono ni fupi. Kata kwa kikata bomba. Msumeno unaacha unga wa shaba ndani na ukato wa mshazari. Elekeza mdomo chini unapoondoa makali ya ndani, na usikwangue mpaka ukingo ukawa mwembamba kama wembe, maana hapo pia mpasuko unaanza. Ingiza nati kabla ya kupanua. Kama chombo chako ni cha kawaida, acha bomba litokeze milimita 1 hadi 1.5 juu ya kibanio. Kile kilichotengenezwa kwa ajili ya gesi ya viyoyozi ya R410A kinataka 0 hadi 0.5 tu. Tia tone la mafuta ya kompresa kwenye koni. Mdomo wa 3/8 kwa R410A upime milimita 12.8 hadi 13.2. Gesi hii ina shinikizo kubwa kuliko gesi ya zamani ya R22 kwa takriban asilimia 60, kwa hiyo mdomo uliokuwa ukivumilika zamani sasa haufai. Nati nayo usiikaze kwa hasira: kwa 3/8 kiasi cha Nm (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 35 hadi 40 kinatosha, na kitabu cha mashine ndicho kinachoamua. Ukizidisha, unaukamua mdomo mpaka unakatika pale kwenye shingo ya nati.

Kupima uvujaji, tumia naitrojeni na povu la sabuni. Kamwe usitumie oksijeni, hata kama ndiyo chupa iliyo karibu yako karakanani: ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya shinikizo, inalipuka.