Uliza Bwana Shamba: Moshi Vijijini ipi, ya juu au ya chini?

SWALI: Shikamoo Bwana Shamba. Mimi ni muuguzi, nimezaliwa na kukulia Ukerewe. Jina langu limetoka kwenye ajira mpya na nimepangiwa Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, ila zahanati yenyewe nitaijua nikisharipoti. Kila ninayemuuliza ananiambia lake. Mmoja anasema huko ni baridi, ninunue makoti. Mwingine aliyewahi kufanya kibarua kwenye miwa anasema joto lake linaizidi Mwanza. Wengine wanasema huko ni kwa matajiri, nitashindwa maisha. Naomba ukweli: nitapanga wapi, nitakula nini, na je, Kichaga ni lazima?
*Muuguzi, Ukerewe*

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa ajira. Wa baridi na wa joto, wote wamekuambia kweli. Wilaya yetu imelala mlimani kama mtu aliyejinyoosha: kichwa kiko kwenye mpaka wa Hifadhi ya Kilimanjaro, miguu iko bondeni Kahe na Arusha Chini. Nimekuwa bwana shamba humu mpaka nikastaafu, nikatumikia kote kuwili, kwa hiyo sikiliza. Ukifika kuripoti usianze na nyumba wala posho. Muulize afisa utumishi kituo chako kiko juu au chini. Nguo, nauli, chakula, magonjwa utakayotibu, hata namna watu watakavyokusalimia, vyote vinategemea jibu hilo.

Tuseme umepelekwa juu: Kibosho, Uru, Old Moshi, Kirua Vunjo, Kilema, Marangu au Mwika. Makoti nunua. Kuanzia Juni mpaka Agosti ukungu unashuka hadi mlangoni na jua unaweza kulisahau. Nguo ulizofua Jumatatu utazianua Alhamisi zikiwa bado na unyevu. Masika ya Machi hadi Mei ni matope. Lami ipo kwenye njia kubwa, kwa mfano ile ya Himo kupanda Marangu na Mwika kuelekea Rombo, lakini zahanati nyingi ziko ndani, kwenye barabara za udongo mwekundu ambazo mvua ikinyesha hata bodaboda anakuomba ushuke utembee. Viatu vya mvua ni muhimu kuliko koti.

Jambo moja huwashangaza sana wageni. Huku tunaishi kwenye migongo ya milima, na kati ya mgongo na mgongo kuna korongo lenye mto. Utasimama kwenye kibaraza cha zahanati umwone mgonjwa wako ng'ambo anakata majani, umpungie mkono naye akupungie. Kwenda kwake kwa gari ni kushuka hadi barabara kuu na kupanda upya mgongo wa pili. Wenyeji hukata kwa miguu, wanateremka mtoni na kupanda. Utazoea, na magoti yako yatazoea pia.

Nyumba ya kupanga huko juu ni shida kweli. Kila nyumba iko ndani ya kihamba, yaani shamba la ukoo, lenye migomba, kahawa, magimbi, miti ya kivuli na banda la ng'ombe, na mara nyingi makaburi ya wazee wa ukoo yako humo humo. Hakuna mtu aliyejenga vyumba vya biashara katikati ya makaburi ya babu zake. Kama zahanati haina nyumba ya mtumishi, mwone mtendaji wa kijiji, akutafutie familia yenye nyumba isiyokaliwa. Nyumba za namna hiyo zipo nyingi, za vigae na vioo, zimejengwa na watoto walioko Dar es Salaam au Arusha, na mwaka mzima anayelala humo ni mlinzi. Nadhani ndizo zilizowafanya watu wakuambie huku ni kwa matajiri. Wakaaji wa kweli ni mzee wa miaka themanini na mke wake, msichana wa kazi, na ng'ombe mmoja wa maziwa anayekula kuliko wote. Kihamba chenyewe mara nyingi ni ekari moja au pungufu, kimegawanywa kwa watoto wa kiume kizazi baada ya kizazi mpaka kimebaki kipande. Jiandae basi kwa shinikizo la damu, kisukari na magoti ya wazee. Rufaa zako zitakwenda hospitali za makanisa zilizo karibu, Kibosho, Kilema au Marangu, na mgonjwa akizidiwa anapelekwa Mawenzi au KCMC mjini Moshi.

Kula utakula. Ndizi za mshare kwa mtori na machalari, maziwa ya jirani yakiwa bado na joto la ng'ombe, maparachichi ambayo wakati wa msimu hakuna atakayekuuzia, utapewa tu. Ugali wa muhogo ndio utausahau. Samaki usihofu: dagaa wa kwenu Mwanza wamejaa kwenye masoko yetu, na perege wanatoka bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 huko kusini ya wilaya. Soko ni la siku maalumu, kila eneo na siku zake, kwa hiyo waulize kina mama mapema. Utakapowaona wanashuka alfajiri na mikungu kichwani, hiyo ndiyo siku.

Njoo na jiko la gesi. Zamani kina mama walipata kuni na majani ya ng'ombe kwenye nusu maili, ule ukanda wa msitu uliotengwa mwaka 1941 kwa matumizi ya wanavijiji. Mwaka 2005 msitu ukaingizwa ndani ya hifadhi ya taifa, na tangu hapo kuni zina maneno mengi. Majani nayo yamekuwa biashara: Agosti utaona pikapu zinapanda zimejaa mabua ya mahindi kutoka mashamba ya tambarare, kwa ajili ya ng'ombe ambao hawajawahi kutoka bandani tangu wazaliwe.

Maji ya bomba yapo sehemu nyingi, na kuna siku hayatoki. Mfereji unaopita nyuma ya nyumba yako ni wa kumwagilia, una zamu na una wenyewe. Usichote bila kuuliza. Siku ya msaragambo, watu wanapotoka kuzibua mfereji au kutengeneza barabara, nenda hata kama huna jembe. Beba chai. Mtumishi mgeni aliyeonekana msaragamboni mara moja hatalala njaa kijijini.

Sasa tuseme umepelekwa chini: Mabogini, Kahe, Arusha Chini, au Makuyuni pale Himo. Makoti yape likizo. Ni joto, vumbi, na karibu na mashamba ya mpunga mbu wapo wa kutosha. Chandarua kiwe kitu cha kwanza kwenye begi. Vyumba vya kupanga vipo tele Himo na Njia Panda, na Mabogini siku hizi imeungana na mji kiasi kwamba mgeni hajui Manispaa imeishia wapi. Kwenye mashamba ya miwa ya TPC, kampuni ya sukari, utakuta makabila yote ya Tanzania, na Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani. Utatibu malaria zaidi, ajali za bodaboda, na mafuriko yakija wakati wa masika utafanya kazi ndani ya maji, maana mvua inayonyesha kwetu juu usiku inafika kwao asubuhi.

Kichaga si lazima popote. Huko juu bibi zetu watakusalimia kwa Kikibosho au Kimarangu ili tu waone utafanya nini. Itikia kwa Kiswahili na shikamoo yako, watacheka, mtaelewana.

La mwisho kwako: usiombe likizo ya Desemba mwaka wa kwanza. Kuanzia tarehe ishirini hivi nyumba zile zilizofungwa zinafunguliwa, Noah zinajaa mpaka mtu anapakata mwenzake, mbuzi anapanda bei, mbege, pombe yetu ya ndizi, inapikwa kila kihamba, na zahanati yako inapata wagonjwa wa tumbo kila asubuhi. Ukikaa mwezi huo mmoja utawafahamu watu wa kata nzima, hata wale wanaoishi Dar.

SWALI: Bwana Shamba, mimi ni mtoto wa Marangu, nimestaafu nikiwa Dar es Salaam. Nataka kurudi kihambani kwa marehemu baba. Mdogo wangu wa mwisho ndiye anakaa pale na ameshaanza kung'oa kahawa aweke parachichi za Hass. Mimi nataka kahawa ifufuliwe, ndiyo iliyotusomesha. Nani ana haki, na zao gani lina faida?
*Mstaafu, Tabata*

JIBU: Pole na safari ndefu ya utumishi, mzee mwenzangu. Umeuliza mambo mawili, na la kwanza halihitaji bwana shamba. Unajua mila yetu: nyumba ya baba na kihamba kinachoizunguka ni vya kitinda mimba, kwa sababu ndiye aliyebaki kuwatunza wazee mpaka mwisho. Wewe mkubwa ulipewa chako mapema au ulisomeshwa. Kama una kipande chako, rudi kwenye kipande chako. Kama hakuna mipaka iliyoandikwa, kaeni na ukoo, pandeni masale, ile mimea yetu ya kuonyesha mipaka, mbele ya mashahidi, kisha nendeni halmashauri ya kijiji mpate hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Na dada zenu muwaite kwenye kikao hicho. Sisi wazee hupenda kujifanya tumewasahau.

Kahawa sasa. Hisia zako nazielewa. Babu zetu walianzisha chama chao cha wakulima mwaka 1925, chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikafuata mwaka 1933, na shule nyingi za huku zimesimama kwa fedha ya buni. Lakini aliyebaki nyumbani tangu miaka ya tisini, bei ilipoanguka na dawa za kupulizia zikawa ghali, ndiye aliyebeba hasara, si wewe uliyekuwa Tabata. Usimlaumu kwa panga lake.

Ninachokushauri ni hiki. Mibuni ya baba yenu, ile mirefu ya zamani, inashambuliwa na chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, na kutu ya majani, na kuipulizia kila msimu kunakula faida yote. Kituo cha utafiti wa kahawa, TaCRI, kiko Lyamungo upande wa Hai. Wana aina zinazostahimili magonjwa yote mawili. Pandeni hizo chini ya migomba, sehemu yenye kina cha udongo. Mtaanza kuchuma mwaka wa tatu hivi. Hass wekeni pembezoni na sehemu ya wazi, maana mti ule ukikua unatanda na kuzima kila kilicho chini yake, na miezi ya kiangazi unataka maji. Mdogo wako ameuona mfereji unavyokauka Januari? Kama hajauona, amepanda miche mingi mno.

Migomba msiiguse. Ndiyo fedha ya kila wiki, na ya kahawa mnaingoja mpaka mnada.

SWALI: Sisi wa Mabogini tunalima mpunga kwenye skimu. Kila mwaka tunaambiwa maji hayatoshi, wakati mlimani mvua inanyesha na mto tunauona unashuka. Maji yanakwenda wapi?
*Kijana wa Mabogini*

JIBU: Kijana, yanaishia kwa wenzako walio juu yako kidogo. Skimu yenu ilijengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980, inakunywa mito ya Rau na Njoro. Mpunga wa aina ya IR54 ulipotoa mavuno ambayo hatukuwahi kuyaona, wakulima walio juu ya banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, nao wakaacha mahindi wakalima mpunga, wakayavuta maji kabla hayajafika kwenu. Siwalaumu, ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo. Mto haukuongezeka, mashamba ndiyo yaliyoongezeka.

Mnaweza kufanya mawili. Chama chenu cha wamwagiliaji kiende ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ipo Moshi mjini, kikiwa na nakala ya kibali chenu cha maji, na kiombe kupimwa kwa mabanio yote ya juu wakati wa kiangazi, siyo masika ambapo kila mtu ana maji. La pili mnalianza wenyewe: kilimo shadidi. Mche mmoja mmoja ukiwa mchanga, mistari yenye nafasi, shamba linalowekwa maji kisha linaachwa likauke kidogo kabla ya zamu inayofuata. Chuo cha KATC pale Chekereni wanafundisha. Palizi yake ni nzito, nakuambia mapema, ila zamu moja ya maji inafika mbali zaidi. Anzeni na majaruba mawili karibu na barabara ili majirani wayaone.