Maswali ya Wasomaji: Jean Rouch na wawindaji waliomsahihisha

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni kijana ninayejifunza kutengeneza filamu za makala. Nimekuwa nikiwapiga picha wavuvi wa kijijini kwetu, na kazi inakaribia kwisha. Mkufunzi wetu alituhimiza tuzijue kazi za Mfaransa Jean Rouch, lakini mwenzangu mmoja alipinga vikali, akasema kwamba mtu huyo aliwatazama Waafrika kama wadudu. Yupi kati yao anasema kweli? Na je, ni lazima niwaonyeshe wavuvi filamu yao kabla sijaipeleka popote? — Msomaji, Pangani

JIBU: Wote wawili wana hoja, na jibu la swali lako la pili ndilo litakalokusaidia kupima hoja zao.

Jean Rouch alizaliwa Paris tarehe 31 Mei 1917, akasomea uhandisi wa madaraja na barabara, na mwaka 1941, Ufaransa ikiwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani, alikwenda kusimamia ujenzi wa barabara nchini Niger, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Ufaransa. Huko radi iliwaua vibarua kadhaa waliokuwa chini yake. Kijana mmoja aliyefanya naye kazi, Damouré Zika, alimpeleka kwa bibi yake, mwanamke aliyeheshimika sana katika mambo ya mizimu ya Wasonghay, naye bibi huyo akasimamia ibada ya kumtuliza Dongo, mzimu wa radi. Tangu hapo Rouch aliazimia kuzisoma mila za watu wa Mto Niger, na vita vilipokwisha alirudi pamoja na rafiki zake wawili kuushuka mto huo mpaka baharini. Alikuwa na kamera kuukuu ya filamu ya milimita 16 aliyoinunua Paris, ya kujazwa kwa mkono, ambayo ilipiga picha kwa sekunde 25 tu kabla ya kuhitaji kujazwa tena. Stendi yake ya miguu mitatu ilipotea mapema safarini, ikambidi aishike kamera mkononi, na tangu siku hizo akazoea kutembea pamoja na watu aliowapiga picha badala ya kusimama mbali na kuwasubiri wapite mbele yake.

Sasa nakuja kwenye jambo linalokuhusu. Mwaka 1951 Rouch aliwapiga picha wavuvi wa Kisorko wa Ayorou, nchini Niger, walipokuwa wakimwinda kiboko kwa chusa kutoka kwenye mitumbwi. Miaka michache baadaye alirudi Ayorou na projekta na jenereta, akatundika shuka ukutani, akawaonyesha filamu yao. Mwanzoni watu waliitazama projekta yenyewe, lakini muda si mrefu wakageukia shuka. Wakawatambua jamaa zao waliokuwa wamekwisha kufariki, wakalia, wakataka filamu irudiwe tena na tena. Baada ya kuizoea, wawindaji walianza kuikosoa. Katika sehemu ya mawindo Rouch alikuwa ameweka muziki, na haukuwa muziki wa kigeni, ulikuwa wimbo wa wawindaji wenyewe, unaopigwa ili kuwatia moyo. Wakamwambia kwamba hapo amekosea, kwa sababu wakati wa mawindo pana kimya kitupu. Kiboko anasikia vizuri hata akiwa majini, na kama muziki ule ungepigwa kweli, mnyama angekuwa amekwisha kimbia. Rouch akakubali, akauondoa muziki.

Naliona tukio hili kuwa somo kubwa kuliko yote katika maisha ya kazi yake, kwa sababu hakuna mhakiki wa Paris, hata awe msomi namna gani, ambaye angeweza kuligundua kosa lile. Wawindaji peke yao ndio waliokuwa na ujuzi wa kulisahihisha, nao wasingepata nafasi hiyo kama mwongozaji asingesafiri na projekta. Kutokana na jioni ile Rouch alianza kushikilia kwamba utafiti ni lazima ushirikishwe kwa wanaotafitiwa, na ni hapo ambapo Damouré na wenzake walitaka kutengeneza filamu yao wenyewe, ambayo baadaye ilitoka kwa jina la Jaguar.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, waonyeshe, na uwaonyeshe mapema, kabla hujakamilisha kazi ya sauti, wakati mabadiliko bado hayagharimu sana. Wakusanye dikoni jioni, wake zao na wachuuzi wa samaki wakiwemo, na uache kinasa sauti kikiwa kimewashwa. Ukiwa umeweka wimbo wa kuvuta juya juu ya picha za mtu anayetega dema, mtazamaji wa Dar es Salaam hatajua, lakini mvuvi atajua papo hapo. Si kila pingamizi lina uzito uleule. Wakikuambia kwamba jambo halifanywi hivyo, rekebisha bila ubishi. Wakikuambia kwamba picha fulani itamletea mtu madhara, kwa mfano kumwonyesha akivua mahali palipokatazwa, iondoe hata kama ndiyo picha nzuri kuliko zote. Mtu akisema tu kwamba anaonekana mzee au amechakaa, msikilize kwa heshima, halafu uamue mwenyewe.

Mwenzako, naye, ananukuu lawama za kweli. Sembène Ousmane, mwandishi na mwongozaji wa Senegal, alikutana na Rouch mwaka 1965 katika mjadala, akamwambia usoni kwamba yeye na wataalamu wenzake wa mambo ya Afrika wanawatazama Waafrika kama wadudu. Lawama hiyo haitaeleweka vyema usipojua kwamba tangu mwaka 1934 Ufaransa ilikuwa na amri iliyomtaka kila anayetaka kupiga filamu katika makoloni yake ya Afrika apate kibali cha serikali, na kwamba mwongozaji Mwafrika Paulin Soumanou Vieyra na wenzake, walipotengeneza filamu ya Afrique sur Seine mwaka 1955, waliipiga Paris kwa kuwa hawakuruhusiwa kupiga picha barani kwao. Mfaransa alizunguka na kamera katika nchi ambazo wenyeji walizuiwa kuipokea kamera hiyo. Hata hivyo, katika mazungumzo yaleyale Sembène aliisifu filamu moja ya Rouch, Moi, un Noir ya mwaka 1958, iliyopigwa Treichville, mtaa wa vibarua wa Abidjan. Katika filamu hiyo kibarua wa bandarini kutoka Niger, Oumarou Ganda, anatazama picha za maisha yake na kuzisimulia kwa sauti yake mwenyewe. Sembène alisema kwamba Mwafrika angeweza kuitengeneza filamu ile, lakini wakati huo hapakuwa na aliyekuwa na nafasi ya kufanya hivyo. Mwenzako anukuu yote mawili, lawama na sifa.

SWALI: Nyanya yangu ni mganga wa ngoma za pepo, na ameniruhusu nimpige picha akiwa kazini. Nina hofu mbili. Ya kwanza, kamera isije ikaiharibu ngoma. Ya pili, sijui nifanye nini na picha hizo baadaye, kwa maana kuna watakaocheka na kuna watakaokasirika. — Msomaji, Mombasa

JIBU: Hofu yako ya kwanza ni ndogo kuliko unavyodhani. Tarehe 15 Machi 1971, katika kijiji cha Simiri nchini Niger, Rouch alikuwa kwenye ngoma ambayo watu waliipiga kwa muda mrefu wakiomba mizimu iyalinde mazao, na hakuna aliyepandwa. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama, aliamua kuzipiga picha ngoma za kale, turu na bitti, ili angalau kumbukumbu zake zibaki. Akaingia uwanjani kwa miguu na kamera begani, akipiga picha mfululizo bila kukata. Ngoma zikanyamaza, yeye akaendelea kupiga picha, na hapo mizimu ikapanda. Filamu hiyo haifiki hata dakika kumi na mbili. Rouch mwenyewe aliamini kwamba kamera ndiyo iliyochochea, na kwamba yeye naye alikuwa katika hali inayokaribia kupagawa. Si lazima uamini hivyo ili ujifunze kitu: mtu anayejulikana na wapiga ngoma, anayefuata mwendo wao na kuelewa lugha yao, haivurugi shughuli kama anavyoivuruga mgeni mwenye taa kali na wasaidizi sita. Rouch alisisitiza mpiga picha awe mmoja na mnasa sauti awe mwenyeji anayeijua lugha, na kwa ngoma ya nyanya yako nakushauri ufuate hesabu hiyohiyo.

Hofu ya pili ndiyo nzito. Mwaka 1954, katika Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, Rouch alipiga picha ibada ya Wahauka, wengi wao wakiwa vibarua waliohamia huko kutoka Niger, ambao walipandwa na mizimu yenye sura za watawala wa kikoloni: gavana, jemadari, dereva wa treni. Viongozi wa ibada wenyewe ndio waliomwalika. Filamu inaonyesha watu wakitokwa na povu mdomoni, na inaonyesha mbwa akichinjwa na kuliwa. Ilipoonyeshwa Paris kwa watu wachache, mwalimu wake, Marcel Griaule, alimtaka aiharibu, na Waafrika waliokuwemo ukumbini nao waliumizwa nayo. Waingereza wakaipiga marufuku Gold Coast. Mwaka 1957 ikapata tuzo Venice, kwa jina la Les maîtres fous, na ubishi juu yake haujaisha hadi leo.

Siwezi kusema kwamba Rouch aliwadharau watu wale, kwa maana mwishoni mwa filamu anawaonyesha kesho yake wakiwa kazini, watulivu, wakitabasamu. Lakini tangu mwanzo hadi mwisho anayesikika akieleza ni Rouch peke yake, kwa Kifaransa, na waliopandwa hawapati nafasi ya kueleza lililowapata. Nadhani pengo lipo hapo, na wewe unaweza kulikwepa. Ruhusa ya nyanya yako haitoshi. Mwele anayetibiwa ni lazima naye aulizwe, na aulizwe mara mbili, kabla ya ngoma na baada ya pepo kutulia, kwa kuwa alipokuwa amepandwa hakuwa katika hali ya kukubali wala kukataa. Mwonyeshe picha zake faraghani. Mwombe asimulie kwa maneno yake alivyoanza kuumwa, kilichomleta kwa nyanya, na hali yake sasa, kisha sauti hiyo ndiyo iwe uti wa mgongo wa filamu. Na usikate kipande cha nusu dakika cha mtu akigaragara ukakirusha kwenye simu za watu, hata kama ni kwa nia ya kuitangaza filamu, kwa sababu kipande hicho kitasafiri bila ya kesho yake.

SWALI: Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwasaidia watengenezaji filamu kutoka nje. Ninawatafutia watu na vibali, ninawatafsiria, mara nyingine ninanasa sauti. Je, mtu kama mimi anaweza kuwa mwongozaji, au nitabaki msaidizi? — Msomaji, Arusha

JIBU: Historia ya Rouch inakupa mfano unaotia moyo, pamoja na tahadhari. Rouch mwenyewe aliweza kutengeneza filamu zaidi ya 100 kwa kuwa alikuwa mtafiti aliyelipwa mshahara na taasisi ya taifa ya utafiti ya Ufaransa. Hakutegemea kuuza filamu ili ale. Damouré Zika, aliyekuwa naye tangu siku za radi, alicheza katika filamu zake, akanasa sauti, akatunga hadithi pamoja naye, lakini ajira yake ilikuwa katika huduma za afya nchini Niger. Usiache kazi inayokulisha kabla ya filamu yako ya kwanza.

Hata hivyo, wapo waliovuka. Safi Faye, mwalimu kutoka Senegal, alikutana na Rouch Dakar mwaka 1966, akaigiza katika filamu yake, akaenda Paris kusomea elimu ya mila na utengenezaji wa filamu, na mwaka 1975 akatoa Kaddu Beykat, filamu ndefu kuhusu wakulima wa kijiji cha kwao na zao la karanga lililowatia umaskini. Oumarou Ganda, yule kibarua wa Abidjan, alikuwa mwanajeshi aliyepigana Indochina, na aliona kwamba Moi, un Noir haikuusimulia mkasa wake jinsi alivyoujua yeye. Akausimulia mwenyewe katika Cabascabo mwaka 1969, akiongoza na kuigiza. Mwaka 1972 filamu yake nyingine, Le Wazzou polygame, ilipata tuzo kuu katika tamasha la Ouagadougou, na ilikuwa mara ya kwanza kwa tuzo hiyo kutolewa.

Tazama kwamba wote wawili walianza na jambo ambalo mgeni asingeweza kulijua kwa undani: Faye alianza na kijiji chake, Ganda na vita vyake. Wewe umekaa nyuma ya kamera za watu kwa miaka mingi, na bila shaka umekwisha kuona jambo ambalo kila kundi linalokuja hulipita bila kuuliza. Anza na hilo. Katika mkataba wako ujao, dai jina lako liandikwe kwenye filamu kwa kazi halisi uliyoifanya, yaani mnasa sauti, mfasiri au mtafiti, wala usikubali kuwekwa katika orodha ya wanaoshukuriwa mwishoni, kwa sababu atakayekupa fedha za filamu yako ya kwanza atataka kuona ulichokwisha kukifanya.