Oili ya lori kuukuu: pima presha kabla ya kubadilisha uzito

Lori likizeeka, ushauri wa kwanza utakaoupata kwa karibu kila dereva ni kuongeza uzito wa oili, yaani ugumu wake wa kutiririka, si kilo zake. Ulikuwa unaweka 15W-40? Weka 20W-50. Bado inakula oili? Tafuta nzito zaidi. Nimeishi na malori ya dizeli ya zamani kwa miaka mingi, na msimamo wangu ni kwamba uzito wa oili ndio kitu cha mwisho kubadilishwa, na hubadilishwa baada ya kupima. Injini nyingi nilizoona zikimiminiwa oili nzito zilikuwa na ugonjwa mwingine kabisa. Oili ile ilituliza dalili tu, huku beringi zikiendelea kuliwa.

Kwanza zile namba. Katika 15W-40, namba yenye W inahusu baridi. Oili ya 15W hupimwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kuona kama stata itaweza kuizungusha injini, na kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri kuona kama pampu itaweza kuivuta. Namba ya pili hupimwa kwenye nyuzi joto 100, yaani injini ikishapata moto wa kazi. Kwa viwango vya SAE, chama cha wahandisi wa magari, oili ya 30 ina sentistoki (kipimo cha uzito huo) 9.3 hadi chini ya 12.5 kwenye joto hilo, ya 40 ina 12.5 hadi chini ya 16.3, na ya 50 ina 16.3 hadi chini ya 21.9.

Hapo kuna mambo mawili ambayo watu wengi huyapita. La kwanza, 15W-40 na ile oili ya namba moja ya 40 ziko kundi moja, lile la 40, injini ikiwa ya moto. Anayehama kutoka ya kwanza kwenda ya pili akidhani ameongeza uzito, ameuongeza asubuhi tu, wakati injini ni baridi na kemshafti, shafti inayofungua valvu, inaisubiri oili ifike upesi. Oili ya namba moja ina faida yake ya kweli: haina zile polima zinazowekwa ili oili isilegee kwenye joto, ambazo hukatika kadiri injini inavyoisaga. Lakini hiyo si sababu ya kuihamia kwa lori lolote lile.

La pili nalipenda zaidi, kwa sababu halihitaji kubadilisha namba yoyote. Kundi la 40 ni pana. Unaweza kukuta 15W-40 moja ina sentistoki 14 na nyingine imepita 15, zote zimeandikwa namba ileile kwenye kopo. Watengenezaji wengi hutoa karatasi ya vipimo vya oili yao. Isome, tafuta kipimo cha nyuzi 100, uchague ile iliyo upande wa juu wa kundi. Kwa injini iliyochoka kidogo, hatua hiyo ndogo mara nyingi inatosha, na bado uko ndani ya kile mtengenezaji wa injini alichoruhusu.

Sasa presha ya oili, ambayo ndiyo kiini cha habari yote. Usiamini geji ya kwenye dashibodi ya lori kuukuu, na usiisubiri taa ya oili, maana taa huwaka presha ikiwa imeshashuka mno. Fungua sensa ya presha kwenye bloku, funga geji ya kupimia ya mkono kwenye tundu lake, kisha liendeshe lori likiwa na mzigo hadi oili yenyewe ipate moto. Maji ya rejeta hupata joto mapema kuliko oili, kwa hiyo mshale wa joto la maji kufika katikati hakutoshi. Ukirudi, soma presha mara mbili: injini ikinguruma yenyewe bila kukanyaga mafuta, na ikiwa kwenye mizunguko ya safari. Linganisha na kitabu cha injini yako. Kama kitabu hakipo, mafundi wengi hutumia kipimo cha haraka cha presha ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Ni makadirio, na zipo injini zenye masharti yake, lakini yanakuonyesha kama uko mbali na usalama au karibu.

Andika namba hizo mahali. Bila hizo, kila utakachofanya baadaye ni kubahatisha.

Ikiwa presha iko chini, geji ya mkono ikathibitisha hivyo, bado usikimbilie oili nzito. Presha ni ukinzani tu. Oili nzito inapata shida kupita kwenye nafasi za beringi, ndiyo maana mshale unapanda. Kinachoiokoa beringi ni oili inayopita, ikiacha utando na kubeba joto. Ukizidisha uzito, mshale unapendeza na oili inayopita inapungua. Asubuhi ya baridi ni mbaya zaidi: valvu ya kupunguza presha kwenye pampu inafunguka na kurudisha sehemu ya oili kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na valvu ya kukwepa filta nayo inaweza kufunguka, oili ikaenda kwenye beringi bila kuchujwa.

Kwa hiyo jiulize ni nini kimeilegeza oili uliyonayo. Kwenye dizeli za zamani, mtuhumiwa wangu wa kwanza huwa ni dizeli yenyewe kuingia kwenye sampu. Lori langu moja lilianza kupoteza presha ya moto, yaani ile inayosomwa injini ikiwa ya moto, taratibu, na dereva mwenzangu akanishauri, "Kaka, weka nzito tu, injini imezeeka." Nikachomoa kijiti cha oili: kiwango kilikuwa kimepanda badala ya kushuka, na oili ilinuka dizeli. Kiwambo cha ile pampu ndogo ya kuvuta mafuta kutoka tangi, inayosukumwa na kemshafti, kilikuwa kimepasuka. Kiwambo kipya, oili mpya ya uzito uleule, filta mpya, presha ikarudi kwenye namba za kitabu. Oili nzito ingechanganyika na dizeli ileile na kulegea vilevile. Kwenye injini nyingine njia huwa ni nozeli zinazovuja, au paipu za kurudisha dizeli zilizopita chini ya kifuniko cha valvu. Kiwango cha oili kinachopanda chenyewe ni jambo la kusimamisha lori siku hiyohiyo, iwe ni dizeli au ni maji. Maji huigeuza oili kuwa kama maziwa.

Baada ya dizeli, angalia joto. Oili ya kawaida ya 15W-40 ikitoka nyuzi 100 hadi 120 hupoteza karibu theluthi moja ya uzito wake, na hapo inakuwa inafanya kazi kama oili ya 30. Kipoza oili kilichoziba, rejeta iliyojaa kutu au feni isiyoshika vinaweza kukushushia kundi zima bila wewe kugusa kopo. Kusafisha kipoza kuna manufaa kuliko kununua 50.

Halafu kuna vitu vya kimakanika vinavyosahaulika: chujio la mdomo wa pampu lililozibwa na masizi magumu, springi ya valvu ya presha iliyolegea, gia za pampu zilizoliwa. Kushusha sampu ni kazi ya jasho lakini haihitaji kutoa injini, na ukiwa chini hapo unaweza kufungua kofia moja ya beringi ukaangalia hali yake. Kama shaba iliyo chini ya uso wa beringi imeanza kuonekana, una jibu: beringi imeliwa.

Kula oili ni kesi nyingine, na watu huichanganya na presha. Moshi wa bluu unaotoka asubuhi ukiwasha, au unapokanyaga tena baada ya kushuka mlima, kwa kawaida unaelekeza kwenye sili za valvu. Unaotoka muda wote injini ikibeba mzigo unaelekeza kwenye ringi za pistoni. Kabla ya yote hayo, safisha paipu ya kupumulia injini. Ikiziba, gesi za ndani hutafuta njia na kusukuma oili kwenye kila sili. Oili nzito inaweza kupunguza ulaji kidogo, lakini haitalainisha sili iliyokauka wala kuikomboa ringi iliyoganda kwa masizi.

Uzito ukiwa sawa, bado kuna daraja la ubora. Kwenye madaraja ya oili za dizeli ya API, taasisi ya petroli ya Marekani, CI-4 ilikuja mwaka 2002, CJ-4 mwaka 2006, na CK-4 mwishoni mwa 2016. CK-4 inakubalika kwenye injini zilizotumia CJ-4 na CI-4. Pacha wake FA-4, aliyetoka wakati uleule, ametengenezwa mwepesi makusudi kwa ajili ya injini mpya zilizobuniwa kwa oili hiyo. Kwenye lori kuukuu usiiweke, hata kama muuzaji anakuambia ni ya kisasa zaidi. Kama lori lako la zamani ni la petroli na kemshafti yake inasukuma tapeti bapa zisizo na rola, angalia kiasi cha zinki na fosforasi: oili mpya za magari madogo zimepunguziwa fosforasi ili kulinda katalisti, kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, na tapeti za namba hiyo zinahitaji kinga hiyo. Na mwenye Detroit Diesel ya mipigo miwili afuate kitabu chake, kinachotaka SAE 40 ya namba moja yenye majivu machache. 15W-40 si oili yake.

Yote hayo yakiwa sawa, oili safi, joto sawa, sensa sawa, pampu sawa, na bado presha ya moto iko chini ya kitabu, hapo beringi zimelegea kweli na 20W-50 ina haki ya kuingia. Panda kundi moja tu. Hakikisha jedwali la joto la hewa kwenye kitabu linaruhusu 20W mahali unapolala lori, kwa sababu mwenye asubuhi za barafu hafai kuigusa. Fupisha muda wa kubadilisha oili. Kisha funga tena geji ile ya mkono, rudia safari ileile na mzigo uleule, usome kwenye mizunguko ileile. Presha ikiwa imefika kiwango cha chini cha kitabu, utapata muda wa kutafuta beringi na kupanga siku ya kuifungua injini. Ikiwa haijafika, usilipakie mzigo. Zitafute beringi sasa.