Asante Iliyonikwama Kooni

Mwaka juzi mwanangu wa mwisho alipandisha homa usiku, mume wangu akiwa safarini. Jirani yangu aliamka saa nane za usiku, akatutafutia bajaji, akatusindikiza hospitali na kukaa nasi kwenye benchi hadi kulipopambazuka. Kisha akawahi kwake kuwaandaa wanawe kwenda shule. Asubuhi hiyohiyo nikamtumia shilingi 30,000 kwa simu. Hazikumaliza dakika kumi, zikarudi na ujumbe wa maneno mawili: "Kwani nilikuuzia?"

Nilinuna siku nzima. Jioni, nikimenya viazi, ndipo nilipogundua kwamba neno "asante" sikuwa nimelitamka kabisa. Nilikuwa nimekimbilia kulipa, kama mtu anayewahi mkopo usije ukazaa riba.

Wengi wakiandika kuhusu shukrani hudhani tatizo letu ni kusahau. Mimi sikusahau. Mimi niliogopa, na hofu hiyo naijua ilikozaliwa.

Nililelewa kwa mjomba, Tanga, kuanzia darasa la tano hadi nilipomaliza kidato cha nne. Sikulala njaa hata siku moja, wala sikukosa daftari. Ila kila nilichopewa kilikuja na masimango yake. Mkaza mjomba alikuwa na hesabu zake kichwani: kipande cha sabuni nilichofulia, mafuta niliyojipaka, nauli ya kwenda kwetu likizo. "Bila mimi ungekuwa wapi wewe?" Nikichelewa kuosha vyombo, nasikia, "Shukrani ya punda ni mateke." Kwa hiyo nilishukuru sana utotoni. Nilishukuru kama mtu anavyoinua mkono kukinga kofi. Aliyelelewa kwa ndugu huenda ananielewa bila maelezo zaidi.

Nikakua nikiamini kwamba kusema asante ni kutia sahihi kwenye daftari la mtu, na siku moja atalifungua mbele za watu.

Baadaye nilikutana na utafiti wa mwaka 2006 wa mwanasaikolojia Mmarekani Philip Watkins na wenzake. Waliwapa watu visa vya kupewa msaada, na katika visa hivyo mtoaji alionyesha kwa viwango tofauti kwamba anategemea kurudishiwa. Kadiri tegemeo hilo lilivyozidi, hisia ya deni ilipanda na shukrani ikapungua. Nilisoma mara mbili. Kumbe deni na shukrani ni vitu viwili, na mimi miaka yote nilivibeba katika kapu moja!

Sasa nina kanuni yangu: nikitendewa wema, silipi chochote kwa siku tatu. Siku ya kwanza huwa ngumu, mkono unawasha kushika simu. Katika siku hizo kazi yangu ni kusema asante tu, tena kwa kutaja jambo lenyewe. "Asante kwa yote" ni asante ya mtu aliyeshika kitasa cha mlango. Jirani yangu nilimfuata nikamwambia, "Asante kwa kukaa nasi kwenye benchi lile, na baridi ile." Akacheka, akanikaribisha chai. Siku hizi hata chumvi tunaombana.

Kama koo lako limefunga kama langu, anza na wale wasioweza kukusimanga. Kondakta aliyemwambia dereva asubiri ushuke vizuri, au muuza maandazi aliyekuchagulia ya moto. Hakuna atakayekukumbusha mwakani.

Daftari la shukrani nalo nilijaribu, kila usiku. Wiki ya pili nilikuwa naandika "uhai, afya, watoto" kama mwalimu anayeita mahudhurio. Ni kama tunavyojibu salamu: habari za asubuhi, tunamshukuru Mungu, na moyo uko kwenye foleni ya daladala. Nikahamia mara moja kwa wiki, Ijumaa jioni. Wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough, katika jaribio mojawapo walilochapisha mwaka 2003, nao waliwaandikisha watu mara moja kwa wiki kwa wiki kumi, na walioandika mambo ya kushukuru waliyaona maisha yao kuwa mazuri kuliko walioandika kero. Mimi naongeza sharti langu: kila mstari uwe na mtu ndani yake.

Kuna kizuizi kimoja kilichobaki muda mrefu. Niliona nikimshukuru mkaza mjomba nitakuwa nimesema masimango yale yalikuwa halali. Hayakuwa halali, na sitasema yalikuwa. Lakini sketi ya shule aliyonishonea ilikuwa kweli pia.

Desemba iliyopita nilikwenda kumsalimia. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Nikamwambia, "Mama, asante kwa ile sketi uliyokesha ukinishonea nilipoingia kidato cha kwanza."

"Ndiyo unakumbuka leo?" akasema. "Na kitambaa nilinunua mwenyewe, mjomba wako hakutoa hata senti."

Nikacheka, sikuweza kujizuia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama ilinikaa vizuri. Nikamwambia ilikuwa ndefu.

"Nilikuachia nafasi ukue," akasema.