Jibu: Mnunuzi anayehofia betri ya Leaf iliyotumika

Ndugu, umeuliza ufanye nini ili wateja wa hapa Nakuru waache kuzikwepa Nissan Leaf zako, magari ya umeme yaliyotumika Japani, ambazo wanaziona kama simu kuukuu isiyokaa na chaji. Kwa maoni yangu hofu hiyo ina msingi, kwa sababu betri ya Leaf kama zako haina mfumo wa kupozwa kwa maji na huchakaa kwa joto na umri, hivyo kumweleza mteja kwamba gari limetembea kilomita chache hakumtoshelezi.

Vile vipau 12 vya uwezo wa betri kwenye dashibodi ni mwanzo tu, maana muuzaji asiye mwaminifu anaweza kuvirejesha kwa muda vionekane vimejaa. Unganisha kifaa cha kusoma kompyuta ya gari mteja akiwa ameketi kando yako, umwonyeshe asilimia ya afya ya betri (yaani uwezo uliobaki ukilinganishwa na betri mpya), kisha mwachie usukani. Nendeni hadi Gilgil na kurudi, mkiandika chaji mliyoondoka nayo na iliyobaki, kwa kuwa mlima hula umeme na mteremko hurudisha sehemu tu. (Mimi huzima redio, ili mteja ausikie utulivu wa gari.)

Mweleze pia waziwazi kwamba chaji ya haraka hutumia tundu la CHAdeMO, aina ya Kijapani, ambalo si kila kituo kinalo. Hatimaye, iandike asilimia ile ile ya afya ya betri kwenye mkataba wa mauzo, pamoja na tarehe ya kipimo, nanyi wawili mtie sahihi.