Kuiga mchelewo wa mtandao kwenye mashine yako mwenyewe

Ndugu, umeuliza vipi utaijaribu programu yako ya oda kwa mtandao mzito bila kubeba leptopu hadi Likoni, na ukasema umetia sleep (amri ya kusimamisha programu kwa muda) ya milisekunde (ms) 200 kwenye kodi ya seva. Itoe. Sleep huchelewesha jibu pekee, ilhali mtandao huchelewesha kila safari. Muunganisho mpya hutaka safari ya kwenda na kurudi ya TCP (kufungua njia), kisha ya TLS 1.3, yaani usimbaji wa siri (TLS 1.2 hutaka mbili), ndipo ombi lenyewe, nalo ni safari ya tatu. Safari ikiwa ms 200, mteja amengoja 600. Sleep yako haiwezi kukuonyesha hilo.

Kwenye Linux mchelewo utie kwenye kerneli (kiini cha mfumo), kwa netem, kifaa chake cha kuiga mtandao; lo ni mlango wa mashine kuzungumza na yenyewe, yaani localhost:

sudo tc qdisc add dev lo root netem delay 75ms

Piga ping localhost, utaona 150. Si hitilafu: netem hushika pakiti (kipande cha data) inapotoka, na kwenye lo ombi na jibu vyote hutoka mlango mmoja. Kwa hiyo andika nusu ya unachotaka. Seva yako iko Ulaya, nami kwa kazi za hapa Mombasa huanzia hiyo 150, maana kila km 1,000 za faiba ni kama ms 10 kwenda na kurudi, kabla ya foleni za njiani.

Jihadhari na hifadhidata. Ikiwa programu inaifikia kupitia localhost, nayo itacheleweshwa, na utailaumu bure. Iunganishe kwa soketi ya Unix (njia ya ndani ya mashine isiyopita kwenye mtandao), hiyo haiguswi.

Kisha iga mtandao wa simu, mchelewo ukiyumba kwa ms 20 na pakiti 1% zikipotea:

sudo tc qdisc change dev lo root netem delay 75ms 20ms loss 1%

Hapa ndipo pana faida kubwa. Kwenye programu ya duka moja la Kongowea, hapa Mombasa, pakiti zilipoanza kupotea jibu lilichelewa kupita muda wa kungoja, simu ikatuma oda upya, seva ikaandika mbili. Tangu hapo nasisitiza kila oda ipewe namba yake kwenye simu kabla ya kutumwa, na seva ikatae namba iliyokwisha kuiona. Fanya hivyo hata kama hutajaribu kitu kingine.

Ukimaliza, ondoa mchelewo: sudo tc qdisc del dev lo root. Wa Windows atumie programu ya clumsy, wa Mac Network Link Conditioner.