Anti, vibonzo vitanilisha kweli?

SWALI: Shikamoo anti. Mi niko Majengo hapa Moshi, mchana nauza viatu vya mitumba Memorial, usiku nachora vibonzo vya konda mmoja wa daladala za Pasua, mdomo mwingi balaa. Mzee wangu anasema ni mambo ya watoto. Sasa kuna kagazeti wamevipenda ila jina la konda wanataka wapachike lao. Nikubali? Na hivi kuna mtu kaishi kwa kuchora tu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Si unamjua Snoopy, yule mbwa mweupe wa kwenye matisheti hapohapo Memorial? Aliyemchora ni Mmarekani Charles Schulz, baba yake kinyozi tu, na shuleni michoro yake iliwahi kukataliwa. Vibonzo vyake vilianza Oktoba 2, 1950 kwenye magazeti 7, akachora miaka karibu 50, jumla 17,897, vyote kwa mkono wake bila msaidizi, hata uzeeni mkono ulipokuwa unatetemeka. Alifariki Februari 12, 2000 usiku, kesho yake Jumapili kibonzo cha mwisho ndo kikatoka. Mzee msomee hapo.

Ila jina sasa. Schulz vibonzo vyake aliviita Li'l Folks, kampuni ya kuvisambaza magazetini ikambandika Peanuts, yaani karanga, akalichukia hilo jina mpaka anakufa! Kwa hiyo we kama njaa inakubana kubali jina, lakini iandikwe kwenye karatasi kwamba konda ni wako, sura yake na maneno yake, na kabla hujasaini chochote pitia COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, ukamsajili. Makubaliano ya mdomo hapana, nimeona watu wakilia.

Kingine, visanduku vyako vina saizi gani? Schulz alianza na vinne vinavyolingana, ili mhariri akiwa na nafasi nyembamba avisimamishe, akiwa na pana avilaze, au viwili juu viwili chini. Wahariri wanapenda mtu asiyewasumbua, chukua rula upime.

Na usiache biashara kwanza, hata mchora vibonzo wetu Masoud Kipanya na umaarufu wote ule wa kale kapanya kake gazetini alikuwa anatangaza redioni pia. Mi navaa namba 39, nikishuka Moshi nitakutafuta hapo Memorial, uniwekee raba nyeupe.